Wakuu, sumaku kichwani inatibu kiwewe kweli au tunataka kuliwa? Kaka yangu hajalala vizuri tangu Palma

#1 Mwana wa Ruvuma
Habari za jioni wakuu. Naenda moja kwa moja.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anauza viatu na vifaa vya simu Palma, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Machi 2021 mji ulipovamiwa alikuwa hukohuko. Tulimpata siku ya kumi na mbili, kavuka Ruvuma kwa mtumbwi, kakonda, miguu imevimba. Tukachinja mbuzi, tukajua yameisha. Hayajaisha. Mpaka leo analala amekaa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Bodaboda ikipiga ekzosi, kabla hujageuka yeye yuko chini ya meza. Jirani akichoma plastiki anatoka nyumbani bila kuaga, anarudi usiku. Mkewe kavumilia mwaka na nusu, karudi kwao Tandahimba. Ukimuuliza ilikuwaje anakujibu, "Tuliondoka, tukafika." Basi.

Sasa mpwa wetu aliyeko Kanada katuma video. Mtu kakaa kwenye kiti, kichwani kawekewa kitu chenye umbo la namba nane, kinapiga tak-tak-tak. Wanasema ni sumaku na inatibu kiwewe cha wanajeshi. Nikaulizia, nikapata wakala wa matibabu ya nje. Anataka milioni kumi na nane, India, tiketi ndani, na anadai sumaku "inafuta kumbukumbu zote mbaya". Wazee wamekaa kikao, wako tayari kuuza mikorosho arobaini ya urithi.

Wajuzi, ni kweli au tunaliwa?

#2 Korosho Ghafi
Mikorosho arobaini usiuze kwanza. Nakaa pembeni, waje wajuzi.

#3 Fundi Dinamo
Pole kwa kaka, mkuu. Mimi si daktari, ni fundi umeme, ila hicho kifaa upande wa waya nakielewa.

Waliowahi kupanda baiskeli yenye dinamo watanielewa. Ndani ya dinamo sumaku inazunguka karibu na waya, waya unapata umeme, taa inawaka. Faraday alilionesha hilo 1831. Mashine hii imeanzia upande wa pili. Inasukuma umeme mwingi mno, ampea kwa maelfu, kwenye waya uliosokotwa, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sumaku inazaliwa na kufa papo hapo. Fuvu haliizuii. Chini ya fuvu kuna ubongo, nao unapitisha umeme, kwa hiyo umeme mdogo unazaliwa mle ndani na kuziamsha seli. Huo mlio wa tak-tak ni waya wenyewe unajikaza kwa nguvu ya sumaku yake, hakuna kinachomgonga mtu.

Nguvu yake inafika tesla moja na nusu hadi mbili, kama zile mashine kubwa za picha za MRI. Ila inafifia upesi. Sentimita mbili au tatu ndani, kazi imekwisha.

#4 Mzee wa Kangomba
Kwa umeme huu wetu? Ukikatika katikati si mgonjwa anarudi nyumbani na nusu ya akili.

#5 Fundi Dinamo
Hahaha. Gesi iko Mnazi Bay hapo, pua na mdomo, halafu tunaongea habari za jenereta. Lakini hapana mkuu, umeme ukikatika mashine inanyamaza tu.

#6 Binti Chuno
Samahani, hii si ndiyo ile ya kuwashtua wagonjwa umeme mpaka wanarusha miguu? Babu yangu alisimuliwa na mtu aliyetoka hospitali ya akili ya Mirembe miaka ya zamani, hataki hata kulisikia jina la Dodoma.

#7 Sista Mstaafu
Hapana mwanangu, ni vitu viwili. Ile unayoisema inapitisha umeme wenyewe kichwani makusudi ili mgonjwa apate degedege, na siku hizi anapewa nusu kaputi kwanza, hahisi kitu. Nayo usiidharau, kwa sonona kali inaokoa watu. Hii ya sumaku mgonjwa yuko macho, anaongea, anamaliza anapanda daladala kwenda kwake. Degedege ikitokea ni ajali, tena adimu.

Nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi. Mashine hii sijaigusa, nimeisoma tu.

#8 Dokta wa Mtandao
Teknolojia ya Wamarekani hiyo, iligunduliwa 2008, jeshi lao linaitumia kwa PTSD, yaani kiwewe, na serikali imeshaidhinisha. Mleta mada peleka mtu.

#9 Msomi Mchovu
Dokta #8 umekosea mara tatu kwenye sentensi moja, hongera.

Aliyeifanya kwanza juu ya ubongo wa mtu ni Anthony Barker na wenzake, Sheffield, Uingereza, 1985. Walielekeza koili, ule waya uliosokotwa, sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, kidole kikacheza chenyewe. Mpaka leo daktari anaanza hivyohivyo. Anatafuta pale ambapo kidole gumba kinaruka, anapima nguvu inayotosha kukirusha, ndipo anasogeza koili mbele kwenye sehemu ya matibabu.

2008 ni mwaka ambao mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa sonona iliyoshindikana kwa vidonge. 2018 wakaongeza ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia, 2020 kusaidia watu kuacha sigara. Kiwewe, yaani PTSD, hakimo. Anayekitibu kwa sumaku Marekani anafanya kwa uamuzi wake wa kitabibu, nje ya kilichoidhinishwa. Si kosa, lakini usiseme imeidhinishwa.

#10 Dokta wa Mtandao
Sawa msomi, nimekubali mawili. La jeshi kutumia nabaki nalo.

#11 Msomi Mchovu
Hospitali zao za maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, wanayo na wanaifanyia utafiti, hilo nakuachia. Nitarudi, kuna jambo la kusema hapo.

#12 Mbeba Boksi
Nimefanyiwa mwenyewe, niko Minnesota mwaka wa tisa. Yangu ilikuwa sonona, kiwewe sina, kwa hiyo mnisome hivyo.

Mara thelathini na sita. Jumatatu hadi Ijumaa wiki sita, kisha wanapunguza taratibu. Unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, unaziba masikio kwa vile vipira maana kelele si mchezo. Wiki ya kwanza nilihisi kama kigogota ameshuka kwenye mwembe wa bibi Mikindani akahamia kwenye paji langu la uso. Kichwa kiliuma siku nne, nikameza panado, kikazoea. Wiki ya tatu hakuna kitu, nikataka kuacha. Wiki ya tano, siku moja nikajikuta napika. Sikuwa nimepika kwa miezi minane. Sikusikia furaha yoyote, niliona tu sufuria liko jikoni na mimi niko jikoni.

Kuhusu kufuta kumbukumbu, wakala wako ni tapeli au hajui anachouza. Mimi nakumbuka kila kitu, hata nisivyovitaka. Hata bei ya ile kliniki naikumbuka, bima isingelipa ni maelfu ya dola.

#13 Korosho Ghafi
Wewe sonona yako ni theluji. Rudi Mtwara ule ming'oko na samaki wa kukaanga, sumaku ya nini.

#14 Mbeba Boksi
Ming'oko umenionea sasa. Machozi yamenitoka.

#15 Ustadhi wa Mikindani
Assalaam alaykum. Ndugu, mnazunguka sana. Mtu asiyelala, anayeshtuka, anayekimbia moshi, mke kamkimbia. Alivuka mto usiku, maeneo watu wamekufa bila kuzikwa wala kuoshwa. Huyo kapatwa. Afanyiwe kisomo siku saba, maji ya kombe, na sadaka. Nimeona waliopona kwa macho yangu.

#16 Mmwera Asilia
Ustadhi uko karibu ila hujafika. Kwetu hao si majini, ni mahoka, mizimu ya wazee. Wamekasirika kwa sababu alirudi toka kwenye vifo akala mbuzi bila kwanza kutambikia. Mbuzi yuleyule wa post #1 ndiye tatizo. Rudieni, safari hii kwa utaratibu, na unga wa mtama.

#17 Binti Chuno
Kwa hiyo mpaka sasa tuna sumaku, kombe na unga wa mtama. Mleta mada andika orodha ukaulizie bei kila kimoja.

#18 Sista Mstaafu
Binti usicheke. Wodini nimeona wengi walioanzia kwa shehe au kwa fundi wa mitishamba ndipo wakaja kwetu, na wengine waliendelea na vyote viwili, hawakudhurika. Kisomo kinamkusanyia mtu ndugu zake siku saba wakae naye. Hilo si dogo. Ninachokataa ni minyororo, viboko, kumfukiza mtu pilipili, na kumwachisha vidonge. Ustadhi najua wewe si wa hivyo.

#19 Ustadhi wa Mikindani
Hasha. Mimi ni aya tu na maji. Shukrani mama.

#20 Dada Mwenye Bangili
Mimi sumaku siziamini tena jamani. Mwaka juzi walikuja watu hapa mjini na mashine ya "kupima mwili mzima". Unashika kijiti dakika moja, karatasi inatoka, una ini, una figo, una kizazi. Wakaniuzia bangili ya sumaku laki na nusu na godoro la sumaku kwa mkopo. Bangili imeniachia kutu mkononi. Godoro analalia mbwa.

#21 Mzee wa Kangomba
Mbwa anaendeleaje?

#22 Dada Mwenye Bangili
Mzima kuliko mimi.

#23 Fundi Dinamo
Dada pole, ila usichanganye. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme, ndiyo maana dinamo lazima izunguke. Bangili inakaa tu mkononi, inatulia kama jiwe. Uibandike kichwani mwaka mzima, seli hazitajua kama ipo. Mashine ya kliniki nguvu yake inapanda na kushuka kwa kasi ya ajabu, na kasi hiyo ndiyo dawa. Anayekuuzia sumaku isiyochomekwa ukutani anakuuzia chuma.

#24 Msomi Mchovu
Nimerudi. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Kwanza inavyodhaniwa kufanya kazi. Ndani kabisa ya ubongo kuna kitu kidogo kama punje ya korosho kinaitwa amigdala. Huyo ni mbwa wa nyumba. Akisikia kishindo anabweka. Mbele ya ubongo, nyuma ya paji, yuko mwenye mbwa, anayesema "nyamaza, ni jirani". Kwa mwenye kiwewe mbwa anabweka kwa kila kitu, na mwenye nyumba sauti imekauka. Sumaku haimfikii mbwa, yuko mbali mno, Fundi kashaeleza habari ya sentimita. Inamgonga mwenye nyumba ili aamke. Ni dhana nzuri, na picha za ubongo kwa kiasi zinaiunga mkono.

Sasa vipimo. Njia ya haki ni kuwagawa watu kwa kura, nusu wanapata sumaku, nusu wanapata mashine ya danganya toto inayopiga kelele vilevile lakini haifiki ubongoni. Utafiti wa hospitali za maveterani Marekani uliochapishwa 2018 ulichukua watu 164 wenye sonona sugu, wengi wao wakiwa na kiwewe pia. Waliopona sonona upande wa sumaku ni kama 41 kwa kila 100. Upande wa danganya toto, 37. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu. 2021 ukatoka mwingine, wa kiwewe chenyewe, wenye koili inayofika ndani zaidi, mgonjwa anasikilizishwa kwanza tukio lake kwa kifupi kisha anapigwa sumaku. Pande zote mbili zilipata nafuu, na wa danganya toto walipata nafuu ZAIDI.

Upande wa pili wa mizani, 2019 kulikuwa na utafiti wa maveterani 50, mapigo ya haraka ya mafungumafungu, siku kumi tu za kazi. Waliopata sumaku halisi walikwenda vizuri zaidi kwenye kazi na kuishi na watu. Unatia moyo, ila ni mdogo. Mwongozo wa 2023 wa idara yao ya maveterani pamoja na jeshi umesema ushahidi haujatosha, si wa kusema wapewe, si wa kusema wasipewe.

Mleta mada, sisemi ni uongo. Nasema haijafika bei ya mikorosho arobaini.

#25 Fundi Dinamo
Swali msomi. Nimeona wengine wanapiga upande wa kulia polepole, pigo moja kwa sekunde, wengine kushoto kwa kasi, na wote wanadai nafuu kwenye kiwewe. Mimi kwenye saketi nikibadili waya na spidi na taa ikawaka vilevile, najua swichi iko mahali pengine.

#26 Msomi Mchovu
Hilo ndilo linaloninyima usingizi, fundi.

#27 Mbeba Boksi
Ngoja nipinge kidogo. Msomi unasema 37 kwa 100 walipona bila sumaku. Waliponea wapi? Hawa ni watu waliokuwa wamefungiwa ndani, hawaongei. Ghafla kila siku saa nne asubuhi inabidi aoge, avae, atoke, akae na fundi wa mashine nusu saa, aulizwe "jana ulilalaje?" Wiki nyingi mfululizo. Mimi yule dada wa mashine yangu, Mfilipino, alijua jina la mama yangu. Sasa niambie kilichonipikisha siku ile ni koili au ni yeye.

Halafu Wakanada 2018 walionesha kwa sonona kipindi cha dakika 3 hakizidiwi na cha dakika 37 na nusu. Kliniki nyingi zikafupisha. Mimi nilipata ile ndefu na nashukuru.

#28 Korosho Ghafi
Dada wa mashine. Sasa tumeelewa wiki sita.

#29 Mbeba Boksi
Ana miaka sitini, Ghafi. Tulia.

#30 Babu Nachingwea
Vijana, hamjambo. Mnazungumza kama jambo hili limeanza na intaneti.

Mimi nimekulia Nachingwea wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa na kambi pale. Nimewaona vijana waliorudi toka ndani ya Msumbiji, ndege ya kawaida ikipita wanajilaza mtaroni. Hakuna aliyeita ugonjwa. Baadaye ikaja vita ya Kagera. Jirani yangu alikwenda 1978, akarudi '79 mzima, hana hata mkwaruzo. Halali. Anazunguka nyumba usiku kucha. Wazungu wenyewe jina hilo mnaloliita PTSD wameliandika rasmi kwenye kitabu chao 1980, yeye alikuwa ameshalizunguka boma lake mwaka mzima. Unajua tulimfanyaje? Chama cha msingi kikampa kazi ya ulinzi wa ghala la korosho. Miaka kumi na moja hakuibiwa gunia hata moja. Mlinzi bora kuwahi kutokea wilaya hii, maana hakufumba jicho.

#31 Binti Chuno
Shikamoo babu. Je alikuja kulala?

#32 Babu Nachingwea
Marahaba. Alianza kulala mchana, ghala likiwa na watu. Usiku hakulala mpaka anakufa.

#33 Mzee wa Kangomba
Mimi nitasema lisilopendeza. Huyu jamaa alipoteza mtaji wote Palma. Duka, bidhaa, madeni ya watu wa Kariakoo. Mwanaume akikosa mtaji na mke akamkimbia lazima akae ameegemea ukuta. Mpeni milioni tano kati ya hizo kumi na nane afungue duka Sokoni, muone kama hatalala.

#34 Wa Kitaya
Sikuwa na nia ya kuandika. #33, mimi sikupoteza mtaji. Nilikuwa na mihogo, na mihogo ipo. Oktoba 2020, usiku ule Kitaya ilipovamiwa, tulikuwa kijijini. Mpaka leo nikisikia mbwa watatu wanabweka pamoja, jasho. Mmoja akibweka sawa. Wawili sawa. Watatu hapana. Duka halitibu hilo.

#35 Mzee wa Kangomba
Nisamehe ndugu. Nimeongea kama nimekaa barazani.

#36 Mwana wa Ruvuma
Nawasoma wote, asanteni. Wa Kitaya, pole sana, na umenisaidia kuliko unavyojua. Kwake ni moshi wa plastiki.

Nimempigia wakala, nikamuuliza maswali ya Msomi. Nikamwambia PTSD haimo kwenye orodha ya Wamarekani. Kasema "hayo ni makaratasi". Nikamuuliza kama mgonjwa atapimwa kwanza. Kasema atapimwa akifika. Nikauliza wiki ngapi, kasema siku tano zinatosha. Hapo hata mimi nikashtuka.

Lakini swali langu bado lipo. Tukipata hospitali ya kweli, si huyu, tunaangalia nini kwanza?

#37 Sista Mstaafu
Kabla ya yote mambo matatu, na hayo hata hapa nyumbani unaweza kuyauliza.

Moja, ana chuma chochote kichwani? Kipande cha risasi, bomu, klipu ya upasuaji, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Meno ya kuziba si tatizo. Chuma karibu na ubongo kwenye sumaku ile kinaweza kusogea au kupata moto. Mbili, amewahi kuanguka kifafa, au kugongwa kichwa akazimia? Tatu, anakunywa nini, kiasi gani? Pombe kali, na hasa kuiacha ghafla, inaleta degedege. Mashine nayo ina kahatari hako. Vikikutana si vizuri.

Na hilo la pili ni muhimu hata pasipo sumaku. Mtu aliyekuwa karibu na mlipuko anaweza kuwa na jeraha la ubongo linalofanana sana na kiwewe: usingizi, hasira, kusahau. Tusije tukawa tunatibu kimoja na kingine kimekaa.

#38 Korosho Ghafi
Swali la tatu kwa mtu wa Mtwara msimu wa mabibo ni kumwonea, sista. Uraka, pombe ya mabibo, ni chakula.

#39 Mzee wa Kangomba
Uraka ndiyo, nipa, ile gongo ya mabibo, ndiyo tatizo. Uraka unakufanya uimbe, nipa inakufanya ukumbuke ulikopesha nani.

#40 Korosho Ghafi
Kwa hiyo nipa ndiyo inatibu kumbukumbu, kinyume cha wakala. Mabibo mwaka huu yako je Nanyamba?

#41 Mzee wa Kangomba
Maua yamechelewa, ubwiri unga umekula. Salfa waliyotuletea ilichelewa zaidi ya maua. Nisianze.

#42 Binti Chuno
Rudini kwenye mada wazee wa korosho.

#43 Sista Mstaafu
Niongeze moja, halafu nilale. Matibabu yenye ushahidi mkubwa kwa kiwewe si sumaku wala si kidonge, ingawa vidonge kama sertraline vinasaidia baadhi. Ni ya kuzungumza, yanayomrudisha mtu kwenye tukio lenyewe kidogokidogo akiwa na mtu anayejua anachofanya. Kuna njia moja waliijaribu Uganda, kambi ya Nakivale, na wahudumu hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa. Unatandaza kamba chini, ndiyo maisha yako toka kuzaliwa. Pazuri unaweka ua, pabaya unaweka jiwe. Kisha unasimulia kamba yote kwa mpangilio, vikao kadhaa, hauruki jiwe. Mhudumu anaandika, anakusomea. Watu walipata nafuu. Kamba haiuzwi milioni kumi na nane.

Aende kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, aanzie hapo.

#44 Mmwera Asilia
Kamba, maua, mawe. Halafu mkisikia mahoka mnacheka.

#45 Msomi Mchovu
Sista nakubali, ila tahadhari. Huyu bwana anasema "tuliondoka, tukafika". Wapo wasioweza kabisa kulikaribia jiwe, wanaacha tiba kikao cha pili. Ndiyo maana watafiti wengine wanaitaka sumaku itangulie mazungumzo, impe mwenye nyumba nguvu kwanza. 2018 maveterani waliopigwa sumaku kabla tu ya kila kikao cha mazungumzo walikwenda vizuri kuliko waliopata mazungumzo na danganya toto. Hapo ndipo mimi ningeweka pesa yangu ya utafiti, kama ningekuwa nayo.

#46 Fundi Dinamo
Na ule wa 2021 je? Si nao ulichanganya tukio na sumaku, ukatoka kinyume?

#47 Msomi Mchovu
Ule walisimulia kwa kifupi sana, dakika chache. Huenda sumaku iliwavuruga kazi waliyokuwa wanaifanya wenyewe. Huenda. Kwa heri fundi, nina kazi asubuhi.

#48 Ustadhi wa Mikindani
Mleta mada tupe habari za mgonjwa.

#49 Mwana wa Ruvuma
Wakuu, siku nne nimepotea, samahani.

Nilimuuliza yale maswali matatu ya Sista. Nilimkuta uani anaparua samaki, nikajifanya ni fomu tu, nimeshika na kalamu. "Kaka, una chuma chochote kichwani?" Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu arudi. Halafu akaweka kisu chini, akanishika kidole changu akakipeleka nyuma ya sikio la kushoto, ndani ya nywele. Kuna kovu, na chini yake kitu kigumu kama punje ya mtama. Miaka yote hii hatukujua.

Nikauliza kiliingia lini. Nilitegemea "tuliondoka, tukafika". Akasema, "Siku ya tatu." Akanyamaza. Akaendelea na samaki. Alipomaliza wa pili akasema walikuwa saba kwenye mikoko, na kwamba mtoto aliyekuwa naye mgongoni hakuwa wake. Akaparua wa tatu, akasimulia kipande kingine. Samaki walikuwa kumi na mmoja. Sitaandika yote humu, si yangu.

Ya pombe nilisahau kuuliza.

#50 Wa Kitaya
Mwambie nipo. Hata asipotaka kuongea.

#51 Sista Mstaafu
Punje hiyo ikapigwe picha. Sumaku yoyote, hata ile ya MRI, asikaribie mpaka daktari aione. Eksirei tu kwanza.

#52 Mwana wa Ruvuma
Ndiyo mama. Ni kesho saa mbili. Yeye mwenyewe kasema tupite feri kwanza, samaki wamekwisha.